Waya Mbili za Katikati

Mpira mpya una harufu yake. Kila ninapoisikia, iwe kwenye ndala dukani au tairi la bodaboda, shavu langu la kushoto hupata moto kabla sijakumbuka kwa nini. Niwasimulie ninyi, maana nyumbani kwetu jambo hili halikuwahi kuzungumzwa mpaka juzi.

Baba alikuwa mtu wa bara aliyekuja Mtwara kufanya kazi bandarini. Hapa akamwoa mama, Mmakonde wa Kitaya, kijiji cha kando ya mto, wakajenga mtaa wa Magomeni hapohapo Mtwara, wakanipata mimi peke yangu. Penzi lake jingine lilikuwa gari: gari dogo jekundu la mashindano, la zamani, la viti viwili, aliloachiwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao. Lilikuwa fupi kiasi kwamba kuku wetu walilala juu yake bila hata kuruka vizuri. Mikono ya baba ilikuwa minene, haikufika kwenye plagi ya nyuma kabisa ya injini, basi kazi ya kufunga waya za plagi akanifundisha mimi. "Toa waya moja, weka moja," alikuwa akisema. "Ukizitoa zote pamoja utazichanganya, na injini haina huruma."

Alipofariki nilikuwa darasa la nne. Udongo wa kaburi haujakauka, ndugu zake wakafika na lori: baba mkubwa, yaani kaka yake, na shangazi, dada yao. Mama alikaa kwenye mkeka huku wakipitisha mbele yake friji, kabati, hata godoro alilougulia mumewe. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Shangazi alimwambia tu asogeze miguu.

Likabaki gari, nalo halikuwaka. Panya waliofuata magunia ya korosho bandani walikuwa wamezitafuna waya za plagi. Baba mkubwa akaenda mjini, akarudi na waya mpya nyeusi zinazonuka mpira, akaniita.

"Nasikia marehemu alikufanya fundi wake. Hebu tuone."

Nilifungua boneti nikajiona mtu mkubwa. Nilipima kila waya mpya kwa ile ya zamani, nikatoa moja, nikaweka moja, nikisukuma kofia zake mpaka nisikie zimeshika. Kwa ile plagi ya nyuma nililala juu ya injini, harufu ya kuku wa kukaanga ikinipita puani kutoka jiko la jirani. Baba mkubwa akawasha. Injini ikaitika mara moja, laini, kama vile baba mwenyewe ndiye aliyekanyaga mafuta. Baba mkubwa akaninyanyua juu, akanizungusha Magomeni nzima na gari lile huku watoto wakitukimbilia nyuma. Tuliporudi, shangazi alinivalisha gauni la njano lenye lesi.

Jioni baba mkubwa akamwambia mama, "Kesho huyu anakaa kiti cha pembeni yangu. Akili kama hii haiwezi kupotelea huku."

"Kwetu mtoto ni wa mama yake," mama akasema.

Shangazi akacheka. "Kwenu ni huko mtoni. Huyu ana jina la kaka yangu."

Mimi nilikuwa nazunguka uani, gauni likipepea.

Asubuhi lori lilikuwa limeshapakiwa, majirani wamejaa kuaga. Baba mkubwa akazungusha ufunguo. Gari likatetemeka kama mwenye homa, likapiga mlipuko uliowatawanya kuku, likazima. Akajaribu tena, moshi ukatoka chini ya boneti. Akaitwa fundi wa mtaani. Hakukaa sana pale.

"Hizi mbili za katikati zimepishana," akasema. "Nani kazifunga?"

Watu wote wakanigeukia.

"Niliziweka sawasawa," nikasema. "Jana si iliwaka? Baba mkubwa, si uliendesha mwenyewe?"

Hapo ndipo mama aliponyanyuka kwenye mkeka. Alinipiga kofi moja, na sikio langu likavuma mpaka jioni.

"Mwongo!" alipaza sauti ili kila mtu asikie. "Amezichezea huyu. Haachi kitu salama. Mwizi wa sukari, mwizi wa vijisenti, na kitandani anakojoa mpaka leo. Mchukueni, jamani, mtakuwa mmenitua mzigo. Ila mjue atawaunguzia nyumba."

Sikuwahi kuiba. Kitandani niliacha kukojoa kabla sijaanza shule. Nilifungua mdomo kujitetea, akaninyanyulia mkono tena.

Shangazi alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Akakojolee magodoro yangu? Hapana." Akanituma ndani nikalivue gauni, akalikunja, akaliweka kwenye mkoba wake. Fundi akazirudisha waya, gari likawaka, wakaondoka. Baba mkubwa hakuniaga. Kiti cha pembeni yake alipakia redio ya baba.

Watoto wa mtaa waliniita Kikojozi mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Mama aliwasikia wakiniita hivyo mlangoni kwetu, akaendelea kutwanga. Sikugusa injini tena. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikamtunza kwa kila kitu anachohitaji mzazi, lakini sikuwahi kukaa karibu naye zaidi ya ilivyolazimu.

Juzi fundi Hamisi alikuja nyumbani kubadilisha waya za plagi za gari langu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Bila kuinua macho akasema, "Hamisi, angalia hizo mbili za katikati. Urefu wake unakaribiana, ukizibadilisha mtu haoni."

Hamisi akacheka, akamsifu mama.

"Mama, umejulia wapi?"

"Baba yako alikuwa anakufundisha wewe. Tochi alikuwa ameshika nani?"

Nikakaa chini. Nikamuuliza alizipishanisha saa ngapi, akasema kabla ya adhana ya alfajiri, wageni wakikoroma. Nikamuuliza kuhusu kofi. Akasema lilikuwa lazima liwe la kweli, wale hawakuwa wajinga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, hata nilipokuwa mtu mzima, hata mara moja.

Alipepeta ungo, akapuliza makapi.

"Ulitaka kwenda," akasema. "Ulikuwa umeshafunga nguo zako kwenye mfuko. Uliniuliza tu kama huko kuna baridi."

Sikumbuki mfuko huo. Miaka yote hii nilikumbuka kofi, jina la Kikojozi, na jinsi watu walivyonitazama, na nikamhukumu mama kwa hayo. Yeye alikuwa na kumbukumbu nyingine ya asubuhi ileile: mume ardhini, nyumba tupu, na mtoto pekee aliyebaki, amevaa gauni la njano, anamwuliza habari za baridi.