Koti la Mpiga Gitaa

Kwa nini mtu aondoke wakati watu bado wanamshangilia? Swali hilo hunirudia kila ninaponusa sufu iliyolowa theluji kwenye treni ya kwenda mtaani kwetu Fittja.

Shangazi alikuwa akitunza makoti ya watu kwenye ukumbi wa muziki, nami, nikiwa mtoto, nilikaa chini ya kaunta, katikati ya makoti yaliyoning'inia. Wakati wa mapumziko akaja yule Mwingereza mwembamba, mpiga gitaa wa bendi, ambaye picha yake ilibandikwa mji mzima. Aliweka kibati chenye namba ya koti lake mbele ya shangazi.

"Usimpe!" meneja wa ukumbi alifoka kwa Kiswidi, akija mbio akihema. "Bila koti hafiki popote na baridi hii. Ukimpa, kesho usije kazini."

Ndani, watu walipiga miguu sakafuni wakiliita jina lake. Nilimvuta shangazi sketi.

"Shangazi, si apige kwanza?"

"Nyamaza wewe! Koti ni lake au lako?"

Akalishusha, akamvalisha, akamfunga vifungo kama mtoto. Mtu yule akatoka bila gitaa. Hakupiga tena na bendi ile, na shangazi hakurudi pale kazini.

Nilidhani ni ukaidi wa shangazi tu. Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba shangazi alipofika huku, mumewe alikuwa akimfungia viatu kabatini kila asubuhi na kuondoka na ufunguo. Siku aliyomkimbia, alitembea kwenye theluji kwa soksi.