Bokoboko la Oakdale

Siku ya kwanza nilipoingia jiko la kulisha wafanyakazi wa kampuni moja kule Golden Valley, Marekani, nusura nifukuzwe kabla ya alasiri. Kosa langu? Ukarimu! Niliwekwa kwenye meza ya mvuke, ile meza ndefu ya chuma yenye maji ya moto chini na trei za chakula juu, nikapewa upawa, nikaambiwa nipakue. Mimi mtu wa Mombasa, nimelelewa kwamba mgeni haulizwi, huwekewa. Mzungu akisema "inatosha, asante," namwongeza, kwa kuwa kwetu anayesema inatosha ana haya tu. Kufika saa sita na nusu trei zilikuwa tupu, na foleni ingali mlangoni.

Meneja wa Jiko, mama mmoja wa maneno machache, alizitazama trei, kisha akanitazama mimi.

"Athumani, hapa anayesema inatosha, ametosheka."

"Wote?"

"Wote. Na upawa mmoja ni upawa mmoja."

Nikateremshwa kumenya karoti wiki nzima. Nilinuna, lakini nikajifunza. Kila chakula kilikuwa na kadi yake ya upishi, iliyoandikwa vipimo vyote mpaka robo kijiko, nayo kadi haijibiwi. Nyama haitoki jikoni mpaka uichome kwa kipimajoto. Baada ya miaka miwili nikahamishiwa jiko la Plymouth, mji jirani, kwa meneja aliyeniambia watu wa huku wanaogopa pilipili kuliko theluji, na wallahi hakukosea. Kisha nikarudishwa Golden Valley niwe msaidizi wa mpishi mkuu, chini ya yule mama wa kwanza. Alikuwa amebandika karatasi ukutani: siasa ziachwe kwenye maegesho ya magari. Mimi niliipenda sana karatasi ile. Nilikuwa nimeshakuwa raia, napiga kura yangu, nanyamaza.

Mpaka barua ikaja nyumbani. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mamangu mzazi, Bi Zuhura, alikuwa akiishi nasi Saint Paul, naye si raia bado. Serikali kuu ilikuwa imepitisha sheria mpya ya kuwanyima msaada wasio raia, na barua yasema kadi yake ya serikali ya kununulia chakula itakatwa. Mtasema, si ana mtoto wa kumlisha? Anaye, na njaa asingeiona. Lakini kadi ile ndiyo iliyomfanya aende dukani mwenyewe, achague unga wake, asijione mgeni kwa mkaza mwanawe. Alipoelezwa, akaanza kula nusu ya alichokuwa akila. Roho iliniuma, nawaambieni. Tumaini letu likabaki kwa baraza la jimbo, hapohapo Saint Paul, lililokuwa likijadili kama jimbo lenyewe liwasaidie wazee kama yeye.

Basi siku moja kampuni ikaalika wajumbe wa baraza hilo kwa chakula cha mchana, na nikaamriwa nipike cha kwetu. Nikateleka pilau. Nikiwa nakaanga vitunguu, akaja Otieno, muosha masufuria wetu, kijana wa Nairobi, ananong'ona.

"Mzee, unamjua huyo wa tai nyekundu? Ndiye anasema wageni wajitegemee. Yeye ndiye anataka ku-cut kadi ya mathe wako. Mwagia sahani yake chumvi, a-feel!"

Sitawaficha. Nilikishika kijiko cha chumvi, nikakiinua. Kisha nikakirudisha mkebeni, si kwa wema, ila kwa kiburi: mie niharibu pilau kwa ajili ya mtu wa tai? Thubutu!

Mheshimiwa yule wa tai nyekundu alikula sahani tatu. Kisha akataka kumwona mpishi. Nikatoka na aproni yangu.

"Mama yako ndiye aliyekufundisha?" akauliza.

"Ndiye. Na ndiye huyo mnayemjadili kule barazani."

Meneja wangu alikohoa, macho yakaenda kwenye karatasi yake ya ukutani. Mheshimiwa akaiva uso.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini walionichagua hawataki jimbo libebe kila mtu. Siwezi kukuahidi." Kisha akashusha sauti. "Mama yangu yuko nyumba ya wazee, Oakdale. Amekataa chakula. Unaweza kumpikia kitu?"

Hebu fikirini! Nikarudi zangu jikoni. Nyumbani nikamsimulia mamangu, nikitaraji alie nami. Akaniuliza, "Huyo mama ana meno?"

"Nitajuaje, mama? Nakueleza habari ya mwanawe!"

"Mtu mzima mwenzangu hali, nawe waniletea siasa? Niletee ngano."

Akapika bokoboko, ngano na kuku vilivyopikwa mpaka vikayeyuka, akasonga kwa mwiko hadi jasho likamtoka, akatia samli. Jumapili nikampakia garini. Yule bibi wa Oakdale alikuwa mwembamba, macho yako dirishani. Mamangu hajui Kizungu, naye hajui Kiswahili. Mamangu akaketi kando yake, akampulizia kijiko, akasema, "Haya, bibi." Bibi akala. Kidogo, kisha zaidi. Wakashikana mikono, kila mmoja akizungumza lugha yake. Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni, analia waziwazi. Mimi nikasema moyoni, sasa kura tunayo.

Tulikwenda Jumapili sita. Kisha siku ya kura barazani ikafika, nikasikiliza redio jikoni. Msaada ulipita, mamangu akapata kadi yake. Lakini Mheshimiwa alikuwa amepiga kura ya kukataa. Nilipofika nyumbani nikasema, "Jumapili hii hatwendi."

Mamangu alikuwa akiosha ngano. Hakuinua kichwa.

"Aliyekataa ni yeye au mamake?"

Tukaenda. Tukaendelea mpaka bibi yule alipofariki, na siku hiyo mamangu alilia kama aliyefiwa na dada.

Sasa nimestaafu, mgongo umechoka na mamangu naye ametangulia. Vijana huniuliza nilijifunza nini jikoni kwa Wamarekani. Nilijifunza kupima. Siasa zao nazipima kwa kura, na kila aliposimama Mheshimiwa yule kugombea, nilimpigia ya kumwangusha, bila huruma. Lakini kwenye msiba wa mamangu Mheshimiwa alikuja, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na wanaume. Nikampakulia pilau mwenyewe, bila kupima.