Rodeo ya Majengo

Mwanangu, kabla hujaondoka, sogea hapa nikusimulie siku moja ambayo huikumbuka kila ninaponusa pilau. Kesho yake ningeolewa. Ng'ombe dume wa karamu alikuwa ameshaletwa kwetu Majengo, mweusi, mnene, na mchumba wangu Athumani akapewa kazi moja tu: kumshikia kamba mpaka mchinjaji afike.

Kumbe kazi hiyo ilikuwa ndogo mno kwa Athumani. Sinema za kauboi zilikuwa zimemlevya. Hata kutembea alitembea kwa kutanua miguu, kofia imemfunika macho. Wenzake walipojaa pale, akakunja suruali.

"Tulieni mcheki rodeo!" akasema, akajirusha mgongoni mwa ng'ombe.

Hatukuwahi hata kupiga makofi. Athumani alitua mtaroni, na ng'ombe akatoka mbio kwenda uwanjani na kamba yake. Nilicheka, sikufichi, mpaka nilipomwona baba mlangoni.

"Ng'ombe akipotea, ndoa hakuna," akasema. "Kijana ameshindwa na kamba, binti yangu nitampaje?"

Kicheko kikanikauka. Nilimpenda yule mjinga, mwanangu, nilimpenda sana.

Vijana wakamfukuza ng'ombe kwa makelele, naye akazidi kuchachamaa, akapindua meza za wauza nyanya. Ndipo bibi yangu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nyamazeni nyote! Mnamtaka arudi, au mnamtaka afike soko la Muthurwa?"

Akawaita majirani, akatupanga duara kubwa kuzunguka uwanja, huyu na kanga, yule na gunia. Tukasogea polepole, kimya, tukiacha uwazi mmoja tu, upande wa ua wetu. Athumani alikuwa kando yangu akinuka mtaro. Ng'ombe akageuka huku na huku, akapumua, akauona ule uwazi, akaingia nyumbani mwenyewe.

Jirani yetu, Mwalimu Njoroge, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Bibi, hiyo sasa ndiyo rodeo!"

"Rodeo si ni kupanda, mwalimu?" Athumani akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni neno la Kihispania, kijana, limetokana na kuzunguka. Wachungaji wa Meksiko waliwazunguka ng'ombe waliotawanyika malishoni, wakawakusanya pamoja. Kazi ikiisha, ndipo waliposhindana nani hodari wa kupanda na kurusha kamba. Baadaye mashindano yakalichukua jina. Wewe umeanzia mwisho."

"Basi kesho ataanzia mwanzo," bibi akasema. "Atawazungushia wageni sinia."

Na kweli akazungusha, bwana harusi mzima, kanzu imeingia mchuzi. Baba ndiye aliyecheka wa kwanza.

Nakwambia haya kwa sababu nawe unapenda kushangiliwa, na sikulaumu. Lakini ujifunze kukusanya kabla ya kujionyesha. Na siku mtu wako atakapokuponyoka, awe mtoto, rafiki au mume, usimkimbize kwa makelele. Ita watu wako, msogeeni taratibu, na mumwachie njia ya kurudi. Mimi na Athumani tumeishi hivyo, na kuponyokana tumeponyokana mara nyingi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ushujaa wa kupanda, na siku utakayotupwa mtaroni akupe watu wa kukuzunguka, na mlango wa kwenu aukute wazi kila atakayekutafuta, nawe uukute wazi kila utakaporudi.