Zamu ya Maji Siku ya Mechi

Mama yangu aliipenda timu ya taifa kwa masikio. Tangu baba afariki, kila ilipocheza aliwasha redio jikoni kwetu, huku milimani Gonja, akavaa kitenge cha kanisani, akakaa kusikiliza. Mara nyingi tulifungwa. Kesho yake alikwenda shambani kama mtu aliyetoka mazikoni.

Mimi nimezurura sana, kuanzia mashamba ya mkonge mpaka machimboni, na uwanja wa Dar es Salaam nimeuingia mara nyingi. Yeye hakuwahi. Mwaka juzi, macho yake yalipoanza kuingia ukungu, nilinunua tiketi mbili nikaja kumchukua.

"Jumamosi?" akauliza. "Jumamosi ni zamu yangu ya maji."

Kwetu tunamwagilia kwa ndiva, bwawa letu la pamoja, na kila nyumba ina siku yake. Mahindi yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Zamu ile ikipita, inayofuata ingeyakuta yamekauka. Na nyumba isiposimamisha mtu wake, wenye mashamba ya juu huyachepusha maji.

Nilimwomba jirani tubadilishane siku. Akacheka. "Ndugu yangu, mahindi hayana mechi ya marudiano. Na hao vijana wenu wanajua kufungwa hata mama asipowatazama."

Mama alikunja kitenge, akakirudisha sandukuni. "Watacheza tena," alisema, huku akipapasa kifuniko kutafuta komeo.

Tiketi yangu nikampa dada yangu, muuguzi wa hospitali ya pale kwetu, zamu ya maji nikaichukua mimi. Ijumaa wakashuka na basi la alfajiri.

Jumamosi nilisimama mferejini na jembe, simu mfukoni ikitangaza mpira. Mikono ilishasahau kazi ile. Maji yalibomoa tuta hapa, nikaziba, yakabomoa pale. Uwanja uliponguruma niliacha kila kitu, nikasikiliza kana kwamba ningeitambua sauti moja kati ya maelfu. Kisha tukafungwa. Maji nayo yaliishia katikati ya shamba.

Aliporudi, mama alipitia shambani kwanza. Akainama, akashika udongo mkavu wa matuta ya chini. Hakunilaumu.

"Uliwaona?" nikauliza.

"Niliona jezi. Nyuso sikuziona." Akapangusa viganja. "Tulipofungwa watu wakaanza kutoka. Dada yako akasema, mama, twende. Nikamwambia, wale watoto bado wako uwanjani, tunaendaje?"