Fasi Tupu ya Mama

Mama yangu alitoka Bulengera na fomu ya shamba letu, tukaenda naye hadi ofisi moja ya Bungulu. Hakuwa na simu, basi palipoulizwa namba aliacha nafasi wazi. Mkuu wa ofisi, aliyetumwa kutoka jimbo lingine, hakusoma zaidi. "Mama, fasi tupu hapana. Ilipashwa uandike néant." Ndilo neno la maofisi la kusema hakuna kitu. Akaichana fomu pamoja na muhuri tuliohangaikia Butembo, na mama akakaa kwenye benchi akilia bila sauti. Sikusahau.

Mwaka huu ofisi ileile ilinipa kazi ya kuandika programu ya kupokea fomu. Katika programu kila jibu lina ufunguo wake, yaani jina la sehemu yake; sehemu ikiachwa wazi, ufunguo hautumwi. Kwa funguo zisizo za lazima niliweka sheria moja: ufunguo usipokuwepo, fomu ipite, ukiwepo, uwe na jibu la kweli, si neno la kusema hakuna.

Siku ya kwanza mkuu, yuleyule aliyeichana fomu ya mama, alijaza fomu yake mwenyewe mbele ya watu. Kila pasipomhusu aliandika néant, kama alivyozoea. Programu ikamkatalia mara nne. Wamama wa shamba walioacha wazi walikuwa wanapita.

"Machine yako iko na makosa," akaniambia.

Mstari mmoja tu wa programu ungetosha kumpitisha. Sikuuandika.

"Hapana, chef. Fasi tupu inapita, néant ndiyo haipite. Lakini kaa kwanza pale kwenye benchi, bamama bamalize."