Mji Ambao Mama Hakuutembea

Mama yangu alikuwa mtu wa miguu. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura tulikozaliwa, alikuwa akinywa chai asubuhi kisha anaaga kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa mmoja. Akirudi adhuhuri alikuwa ameshapita nyumba saba, na habari za mtaa mzima anazo. Vita vilipotutoa tukaishia kambini Tanzania, na hata kule alizunguka kutoka kibanda hadi kibanda, mpaka wageni wakadhani yeye ndiye kiongozi wa kambi.

Mimi nilitangulia kuondoka. Nilishuka kusini hadi Johannesburg, nikapata kiti cha kusukia katika saluni moja ya Yeoville. Yeye na dada yangu mkubwa walibaki wakisubiri, na mwaka 2008 wakapata nafasi ya kupelekwa Marekani. Siku ile nililia kwa furaha mbele ya mteja, nywele zake nusu zimesukwa.

Simu za mwanzo zilikuwa za kicheko. Mama aliniambia kwamba kule watu wananunua chakula dirishani bila kushuka garini. Dawa vilevile. Hata benki, mtu anahudumiwa amekaa kwenye usukani. Maji wanayanywa na barafu, na nje baridi inauma.

"Na salamu wanazo," alisema. "Mtu anakuuliza hujambo huku anapita. Mimi nasimama nimjibu, nigeuke, hayupo!"

Kidogo kidogo kicheko kikapungua. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara pana isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa dakika tano kwa gari. Bila gari, huendi. Basi halikufika upande ule. Dada alipata kazi kwenye kiwanda cha kuku, akajifunza kuendesha, akanunua gari kuukuu, na kila alfajiri akawa anaondoka nalo. Mama alibaki ndani mpaka jioni akisubiri Jumapili, siku ambayo dada hakwenda kazini.

Kisha alisikia kwamba ng'ambo ya daraja kuna mama wa Kikongo anayesema Kiswahili. Akajifunga kanga zake, akatoka, akapita majanini pembeni mwa barabara, magari yakimpita kwa kasi. Hakufika darajani. Gari la polisi lilisimama.

"Hakunitukana," alinisimulia. "Alikuwa kijana mpole. Mtu aliyepita na gari lake aliniona, akawapigia simu kwamba kuna bibi kizee amepotea. Nikamwambia natembea. Neno hilo nilikuwa nalijua kwa Kiingereza. Akanifungulia mlango wa gari."

"Pole, mama."

"Alidhani nimerukwa na akili, mwanangu."

Baada ya siku hiyo simu zikawa fupi. Nilimuuliza kama ametoka, naye aliniuliza kuhusu saluni. Magoti yake yalivimba. Alifariki mwaka 2011, katika baridi ya kule, nami sikuwa na karatasi za kunivusha mpaka wowote. Walimzika bila mimi.

Dada alikuja kunitembelea mwaka 2013, alipopata pasi ya kusafiria. Uwanja wa ndege nilimpita mara mbili bila kumtambua. Alikuwa amenenepa, na swali lake la kwanza lilikuwa gari langu liko wapi. Siku ya pili nilimtuma kitunguu kwenye spaza, kiduka cha mtaani, hapo tu kwenye taa za pili za barabarani, robot kama wasemavyo huku, akaniuliza nani atampeleka.

Ijumaa tulikuwa na hitima ya mama katika mtaa wa Troyeville, kwa familia moja ya Kirundi. Nilisema tutatembea. Dada hakubisha, lakini kila baada ya nyumba kadhaa alisimama kuvuta pumzi. Mwishowe alikaa kwenye ukuta mfupi, akavua kiatu, akakitazama.

"Mdogo wangu," alisema, "kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Baada ya yule polisi, kazini waliniogopesha. Walisema mzee akiokotwa tena barabarani serikali inaweza kumchukua. Nikawa nafunga mlango kwa nje. Naondoka na ufunguo."

"Muda gani?"

"Mpaka alipougua."

"Yeye alijua?"

"Siku ya kwanza nilisikia anajaribu kitasa. Nilikuwa bado mlangoni. Sikurudi. Ningechelewa kazini."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulininyanyuka. Wanawake waliokuwa wakipita walitusalimia, nikawajibu, na dada akainamisha uso. Miaka yote ile mama hakuwahi kuniambia. Nilimkumbuka akiniuliza wateja wangu leo walikuwa wangapi, wametoka mitaa gani, wamepita njia ipi kuja.

"Vaa kiatu," nilimwambia. "Watu wanatusubiri."

Nilitembea mbele yake hadi Troyeville. Kwenye hitima akina mama walimpokea kwa mikono miwili, wakamwita mtoto wa marehemu, wakampa nafasi ya mbele. Nilimwona akilia, nikabaki nimekaa mlangoni.

Wiki zile mbili alinifuata saluni kila asubuhi kwa miguu bila kuombwa. Tulizungumza habari za watu wengine. Siku ya kuondoka tulikumbatiana vizuri, lakini nilijua sijamsamehe, naye alijua.

Mwaka uliofuata alihamia mji mwingine wenye mabasi. Huko amepangisha chumba kwa mke na mume wazee kutoka Kongo, nao wanakwenda sokoni wenyewe. Aliponieleza hayo nilikuwa nimekaa nje ya saluni, juani. Nikamwambia kwamba nimemsamehe, na kwamba yamechukua muda, na kwamba siku nyingine bado yananiuma.

"Eish," alisema, neno la kuguna la huku, alilolibeba alipokuja kunitembelea. Kisha akauliza kama baridi ya Johannesburg imeshaanza.