Siku Shangazi Alipovisugua Vyuma Vyangu

Niliaibika mbele ya madaktari wa kisiwa changu mwenyewe, nikiwa nimevaa nikapendeza, na nawasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine, maana hao wakisimulia wanatia chumvi halafu wanairuka sehemu yenye maana. Chake Chake wapo wanaoniita Bi Usumba mpaka leo. Naitika.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ni vyuma vya mifupa, vile anavyotiwa mtu akivunjika paja au nyonga. Mimi nashughulika na uso wake wa juu tu, ule unaogusana na mfupa. Tunauchoma kwa tindikali mpaka unapata vishimo ambavyo chembe za mfupa zinashika na kuota, kisha juu yake tunaotesha vijimiba vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, ili wadudu wale wakija wasipate pa kukalia. Ukikitazama kwa macho ni chuma cha kijivu kilichofifia (sufuria iliyosahauliwa kabatini ina nafuu), na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Nilivuka kutoka Dar na kopo la vipande vya mfano, bapa, vya mviringo, kuja kuwaomba madaktari jambo moja: wakitoa chuma kilichooza mwilini mwa mgonjwa, wasikitupe, wanipe mimi, nione kilishindwa wapi. Bila hivyo nitakuwa najaribu kwenye vichupa maisha yangu yote, na wagonjwa wanaendelea kutiwa vilevile na kutolewa vilevile. Mkubwa wao, Dokta Hamad, alishanikatalia kwa simu, kwa ile sauti yake ya upole inayouma kuliko tusi. Nikang'ang'ania mpaka akanipa asubuhi moja. Akishakataa mbele ya wenzake, basi, hapana mlango mwengine.

Wenzangu waliniambia nilale gesti. Mimi nikaenda Vitongoji kwa shangazi yangu, Bi Mize, aliyenilea. Shangazi anatembelea fimbo, alivunjika paja akatiwa chuma, chuma kikafanya usaha, kikatolewa, mguu ukabaki mfupi. Kwetu mtu akitoka safari haketi, anazunguka kwanza kuwaamkia watu, na nyumba utakayoiruka utaisikia mpaka siku ya harusi yako. Basi nikaliweka kopo juu ya meza, si sandukuni, si kwenye kabati lenye ufunguo, mezani, nikatoka kwenda kuamkia. Kosa langu lote ni hilo.

Asubuhi shangazi kavaa buibui lake jipya, anataka kuja. "N'kakusikilize mwanangu unavyosema na wakubwa." Ningemkataliaje? Na kopo sikulifungua, kwa maringo tu, nilitaka kulifungulia pale pale mbele yao kama bi harusi anayefunuliwa.

Ukumbini nikaanza kwa madaha. Nikaeleza vishimo, nikaeleza vijimiba, daktari mmoja kijana akaniuliza kama vishimo hivyo si ndiyo maficho ya bakteria, nikamjibu vizuri mpaka mwenyewe nikajipenda. Nikasema, "Sasa tazameni ukwaruzo wake." Nikafungua kopo.

Harufu ilitangulia. Mafuta ya makonyo, yale ya karafuu tunayojichulia miguu, yalijaa ukumbi mzima. Halafu ndani ya kopo vyuma vyangu vinameta! Vinang'aa kama masinia ya kuendea harusini! Mtu mwenye akili angefunga kopo akasema anaumwa na kichwa, lakini mimi (ndiyo nilivyoumbwa) nikaendelea, nikachukua kimoja nikasema kwa sauti, "Tone la maji likiangukia hapa litatandaa lote, na chuma kinachopenda maji mfupa nao unakipenda." Nikadondosha. Tone likajikunja duara, likabingirika, likaangukia karatasi za Dokta Hamad. Nikachukua cha pili, yale yale. Cha tatu kikaniteleza kwa mafuta, kikaenda kwa ubavu chini ya viti, na mabwana wazima na makoti yao wakainama kukitafuta. Nikasema si kitu, tukitazame kwenye hadubini, iliyounganishwa na skrini kubwa ukutani, na pale ukutani ukatokea mkwaruzo juu ya mkwaruzo na katikati umelala uzi mmoja wa usumba wa nazi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Bi Raya," akasema Dokta Hamad taratibu, "mfupa huo ndio umeshaota, au ni kumbi la nazi?"

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Mimi masikio yanawaka moto, natamani ardhi ipasuke. Na shangazi kule nyuma akasimama na fimbo yake.

"Nimevisugua miye," akasema. "Kwa jivu na kumbi, nikavipaka na mafuta. Miye mlin'ambia chuma changu kimeoza kwa uchafu. Na vyuma vino n'meviona vichafu. N'viwache akatiwe mtu mwengine apate yaliyon'pata?"

Kicheko kikakatika. Dokta Hamad akainua mkono kama anayetaka kufunga kikao, akasema, "Bi mkubwa, ahsante, kaa kitako upumzike," na ule upole wake ndio ulionipandisha. Kunicheka mimi sawa. Nikasema, "Shangazi, usikae. Nyuma yake ulisugua?"

Akanishangaa. "Nyuma? Nani anotazama mgongo wa sinia?"

Nikachukua kibano, nikakishika kwa ukingo kipande cha chini kabisa ambacho mafuta hayakukifikia mgongoni, nikakigeuza. Kijivu, kimefifia, kibaya vile vile nilivyokileta. Nikadondosha tone. Likatandaa lote, papo hapo, mpaka ukingoni. Nikawaambia, nadhani nilikuwa napiga kelele, "Chuma kimoja! Upande huu mfupa utashika, upande huu utateleza! Huyu hakukosea kuogopa uchafu, hakuambiwa tu kwamba kinachong'aa si lazima kiwe ndicho mwili unachokitaka. Mnavyovitupa ndivyo vya kutuambia, na mimi sitoki hapa mpaka mnipe jibu."

Na kweli sikutoka. Nilikaa kwenye kiti cha mbele na harufu yangu ya makonyo, wao wakanong'ona wakachoka. Mwishoni Dokta Hamad akakichukua kile kipande, akakigeuza, akakigeuza tena. "Tutakuwekea vyuma," akasema. "Ila hilo kopo lako lifunge na kufuli." (Hii ndiyo sehemu wanayoiruka wanaponiita Bi Usumba.)

Tulipofika nyumbani shangazi akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akanitilia mkononi. Kilikuwa ni chuma chake, kile kilichotolewa pajani. Sikujua kama alikiweka. Kinang'aa mpaka nikajiona uso.

"Nakisugua kila Idi," akasema. "Ila na siku walon'tolea n'likiona, kilikuwa kinang'aa vivi hivi. Basi anzia na kino."

Nililia, sifichi. Kisha nikajiapiza: kopo langu halitakaa tena mezani kwa mtu, kufuli nimeshanunua. Lakini gesti silali, na atakayenicheka na anicheke. Nikija Pemba nalala Vitongoji, kwa Bi Mize, na kumbi lake nimemwachia asugulie masinia.